Mbuzi wa Mkwe

Enzi zetu Krismasi haikukufuata nyumbani. Wewe ndiye uliyeifuata, kwa lori, kwa miguu, kwa matope na kwa kutapika. Watoto wa siku hizi wanaondoka Dar asubuhi, mchana wako Mgeta, na njia nzima wanalalamika kwamba mtandao hausomi. Sisi tulikuwa tukitoka Turiani, na tulipofika mlimani kwa Bibi, watu walitutambua kwa sauti tu, maana sura zilikuwa zimeshafunikwa na tope. Viatu havikuchafuka lakini. Viatu tulivining'iniza shingoni safari nzima, kwa sababu viatu vilikuwa vya kuingilia kanisani, si vya kutembelea.

Baba yangu alikuwa Mzigua, fundi seremala wa misheni kule Turiani. Mama alikuwa Mluguru wa Mgeta, kitinda mimba wa Bibi. Wenzangu wa rika langu hapo mmeshaanza kucheka, maana mnajua Mzigua na Mluguru ni watani. Ninyi vijana sogeeni niwaeleze. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukusema mbele za watu, kumkamata kuku wako na kuondoka naye, na wewe ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Sasa Baba alikwenda kuoa katikati ya watani. Mtu mmoja tu kule mlimani alikuwa hataniwi, naye ni mkwewe, yaani Bibi. Kwa mkwe ni heshima tupu. Humtazami usoni, husemi naye moja kwa moja, wala huingii ndani kwake mpaka ukaribishwe.

Na Baba alikuwa hajakaribishwa. Alipooa aliahidi mbuzi wa mama mkwe, beberu mzima mwenye ndevu, wa kumpoza kwa kumchukulia mwanawe na kumpeleka bondeni kwenye mbu. Mara ya kwanza alipompeleka, watani wa Kiluguru walimkamata yule mbuzi sokoni Morogoro, wakamchinja, wakamwita Baba aje kula. Akala. Angefanyaje? Mara ya pili wakamkamata tena, safari hii wakamwachia boga kama kifuta jasho, na Baba akapanda mlima na boga lake kichwani. Bibi alilitazama lile boga, akamgeukia Mama na kuuliza, "Kwani mbuzi wa Kizigua hawana miguu?" Kisha akatamka neno lililozunguka Mgeta nzima: "Mlango wangu unafunguliwa na mbuzi."

Basi kila Krismasi sisi tulilala ndani kwa Bibi, na Baba akalala kwenye ghala la viazi la katekista, analetewa chakula kimefunikwa kawa kama mgonjwa. Mama alikuwa akilia jikoni, ukimuuliza anasema ni moshi. Akijaribu kumtetea mumewe, Bibi anamkata kauli: "Hayo amekufundisha yeye." Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliona kabisa kwamba wali wa sikukuu haumshuki Mama vizuri.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la pili. Baba alimfuga beberu mwingine, mweusi, mwenye ndevu ndefu na macho ya dharau. Sisi watoto tukamwita Karani, kwa sababu alikuwa akitutazama kama watu waliokuja ofisini bila miadi. Siku ya safari Baba alitukusanya uani, mimi, mdogo wangu Kosta, na Mama akiwa na mtoto mgongoni.

"Sikilizeni," akasema. "Mbuzi huyu mwaka huu atafika. Tukishafika Morogoro, mimi si Mzigua. Mtu akiuliza kabila langu, nyamazeni."

"Sasa utakuwa nani?" Mama akauliza.

"Nitakuwa mtu tu."

Mama alijifuta macho kwa upande wa khanga, na safari hii hakusingizia moshi. Alikuwa anacheka.

Lori la kwanza lilikuwa la magunia ya mpunga, na sisi juu ya magunia. Nakumbuka harufu ya mpunga mpya iliyochanganyika na petroli, nakumbuka mihogo ya kuchemsha na mayai ambayo Mama aliyafunga kwenye jani la mgomba, na nakumbuka Kosta alivyoyala mayai hayo kabla ya Magole na kuyarudisha yote kabla ya Dakawa. Karani yeye hakutapika. Alikula kofia ya ukindu ya mzee mmoja aliyesinzia, akaila kwa utaratibu, kuanzia ukingoni. Mzee alipoamka akashika kichwa, akatazama juu angani, akasema upepo wa leo mkali. Mama alitukanyaga miguu tusicheke. Siku hizo mtoto akimcheka mtu mzima alikuwa anajitafutia fimbo, si kama hawa wa sasa wanaomcheka babu yao na kumpiga picha juu.

Morogoro tulilala kwa shangazi yake Baba, na Karani akalala ndani na sisi, chini ya kitanda, mlango umekomewa. Asubuhi Baba akatupitisha vichochoroni kama watu waliofanya jambo baya, mpaka kwenye lori la Mgeta. Lilikuwa limejaa akina mama wa Kiluguru waliokuwa wamemaliza kuuza kabichi na njegere zao, wamekalia matenga matupu, na furaha ya sikukuu imeshawapanda. Mama akaingia katikati ya watu wake na kupiga soga. Baba akakaa pembeni, kamba ya mbuzi ameizungusha mkononi, macho barabarani.

Mbele yake alikaa mama mmoja mnene, jina lake Mama Felista, mnusa tumbaku. Alinusa, akapiga chafya, akamkagua Karani kuanzia ndevu hadi mkia.

"Kaka, mbuzi mzuri huyu. Wewe mtu wa wapi?"

Nikamwona Baba anatoka jasho. Angesema ni mtu tu yakaisha. Lakini hofu ikimwingia mtu ulimi huenda peke yake.

"Mimi? Mimi Mnyamwezi. Wa Tabora."

Lori zima likalipuka kwa kicheko. Jamani! Wanyamwezi nao ni watani wa Waluguru, tangu enzi za mababu waliopita hapa na mizigo kichwani wakienda pwani! Baba alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto. Mama Felista alisimama lori likiwa linakwenda, akamvua Baba ile kamba mkononi na kujifunga mwenyewe.

"Mtani wangu! Ahsante kwa kunifugia. Ulikuwa unampa chumvi lakini?"

"Hapana, mama, nisikilize," Baba akababaika. "Nimekudanganya. Mimi si Mnyamwezi. Mimi Mzigua wa Turiani, haki ya Mungu!"

Mbona alijimaliza! Wanawake walicheka mpaka utingo akachungulia kuona nani ameanguka. "Basi mbuzi huyu atekwe mara mbili," akapaza sauti mmoja, na lori zima likapiga vigelegele. Mama naye alicheka, mbavu hana. Kisha nikamwona anaacha kucheka. Alikuwa amelikumbuka ghala la viazi. Baba aliendelea kutabasamu kama mila inavyotaka, lakini midomo ilikuwa inamtetemeka, na mimi nilimwonea huruma.

Tulipopita Mlali na kuanza kupanda, mvua ikashuka. Si mvua ya kuomba radhi, mvua ya Desemba. Lori likapanda kidogo, likarudi kidogo, mwisho likaegemea ukingo wa barabara na kukataa. Dereva akazima injini, akasema tuliobakiza safari tuwahi kwa miguu, yeye atasherehekea hapo hapo. Watu wakajitwika matenga yao na kushika njia ya mkato.

Hapo ndipo Karani alipotuonyesha kwamba hakuzaliwa milimani. Aliitazama ile njia iliyosimama kama ngazi, akakaa chini. Mama Felista akamvuta. Wapi. Baba akapata nguvu kidogo, akafunga mikono kifuani.

"Mbuzi wako, mtani. Mvute."

"Mbuzi wangu kweli," Mama Felista akajibu bila hata kufikiri. "Na Wanyamwezi si wapagazi? Mbebe."

Unakataaje? Umeshasema mwenyewe. Baba akamwinua Karani, akamweka mabegani, miguu miwili kulia, miwili kushoto, akaanza kupanda. Fikirini mtu anayembeba mbuzi ambaye yeye mwenyewe ameporwa, kwa amri ya aliyempora, katika mvua, huku mbuzi anamtafuna kola ya shati la Krismasi. Nyuma yake Mama Felista anaswaga kwa kijiti: "Haraka, mpagazi, giza linaingia!" Wanawake wanaimba, Kosta anateleza na kuinuka. Mimi nilikuwa nimekaribia kulia, lakini nikiona ndevu za Karani zinavyogonga shavu la Baba kila hatua, kicheko kinanitoka. Mama kila tukipumzika anauliza kwa sauti ya chini, "Anashuka wapi huyu mama?" Na huyu mama hakushuka popote. Njia zetu zote ndizo zilizokuwa zake, mpaka tukauona moshi wa jikoni kwa Bibi, naye akakata kona kuelekea huko huko. Kumbe alikuwa jirani wa Bibi, ng'ambo ya kijito, amehamia kwa mwanawe mwaka ule.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Baba akamshusha mbuzi, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kama heshima inavyotaka.

"Dada," Mama Felista akaita, "nimekuletea mbuzi wa sikukuu."

"Umempata wapi?"

"Njiani. Alikuwa na mpagazi huyu."

Bibi alimtazama Baba. Maji ya mvua yalikuwa yanamchuruzika Baba puani. "Mpagazi huyu nadhani namfahamu," akasema. "Si ndiye aliyekuja na boga?"

Nikaona mambo yameharibika. Mbuzi amefika, lakini amefika kwa jina la mtu mwingine! Baba hawezi kusema, yule ni mkwewe. Mama akisema, amefundishwa na mumewe. Mama Felista mwenye kujua ukweli amejifanya anahangaika na tope miguuni, akaniambia, "Hebu nishikie kamba, mjukuu wangu, ninawe." Mpaka leo nina hakika alifanya makusudi.

Maana kulikuwa na mtu mmoja pale aliyeruhusiwa kumwambia Bibi chochote, na mtu huyo ni mimi. Bibi na mjukuu ni watani. Tangu nianze kuongea Bibi aliniita mke mwenzangu, akanipokonya kiazi kinywani, nami nikamfichia fimbo yake. Nikaikamata ile kamba kwa mikono miwili.

"Mke mwenzangu," nikasema, "mbuzi huyu nimemteka."

Bibi akashtuka. "Umemteka kwa ruhusa ya nani, wewe?"

"Mimi mtani wako mara mbili. Kwa ujukuu, na kwa Uzigua wa baba. Kama unamtaka, mkomboe."

"Nimkomboe kwa kitu gani?"

Nilitaka kusema kwa sauti, ikatoka ndogo. "Baba alale ndani."

Hakuna aliyecheka. Mvua ikazidi kupiga nyasi za paa. Bibi akanitazama, akamtazama Mama, halafu akageuka na kuingia ndani. Mama akaziba mdomo kwa khanga. Mimi nikajua nimeharibu na fimbo yangu iko njiani.

Ila mlango ulikuwa wazi. Tukasubiri. Mwisho sauti ya Bibi ikatoka huko jikoni, kali kama kawaida yake:

"Mwambieni mpagazi afute miguu!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Kinole, ng'ambo ya milima. Baba alifuta miguu kwenye majani, akafuta tena, akafuta mpaka Mama akamsukuma mgongoni. Usiku ule alikaa ndani kwa mkwewe, kwenye kigoda cha marehemu Babu, ameshika sahani kwa adabu, na kwa woga hakula hata punje. Bibi alikaa upande wa pili wa ukuta, akawa anamwambia Mama, "Muulize huyo mtu kama pilipili imezidi." Mama alilia tena, na jikoni moto ulikuwa umeshazimwa.

Leo mimi ndiye bibi, na nyumba ile ile ya mlimani ndimo ninamoishi, imepigwa bati. Barabara inafika karibu na mlango. Krismasi iliyopita wajukuu walikuja na gari, nyama imo kwenye boksi la barafu, imeshakatwa, haina ndevu wala dharau. Wakasema shikamoo vizuri, wakakaa mstari mmoja, kila mtu na simu yake. Nikamwita mdogo wao wa kike: "Mke mwenzangu, hujambo?" Mtoto akaruka, akaenda kumnong'oneza mama yake kwamba Bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nikampokonya andazi kwenye sahani, akaniambia, "Chukua tu Bibi, yapo mengine." Nikamrudishia andazi lake. Nikawahadithia habari za Karani, wakasikiliza kwa adabu, na mkubwa wao akauliza kwa nini baba yangu hakwenda polisi.

Niliwasindikiza, wakaniahidi kupiga simu, na kweli wanapiga. Sina kinyongo nao. Ila mwaka huu nimefuga beberu, mweusi vile vile. Kila asubuhi namfunga kando ya barabara, kwa kamba ndefu yenye fundo jepesi, halafu nakaa mlangoni nasikiliza magari yakipanda. Wanapita Wazigua, wanapita Wanyamwezi, wanapunga mkono, wanasema mbuzi wako mzuri, Bibi. Hakuna anayemteka. Anazidi kunenepa tu, na ndevu zake sasa zinagusa chini.