Kijiko cha Njano

Wiki nzima niliamka na swali lilelile nililolala nalo: binti yangu anakataa chakula, au ananikataa mimi? Alikuwa na miaka miwili na miezi michache. Kule kliniki muuguzi alikuwa ameweka nukta ya uzito kwenye kadi yake, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, akanionyesha. Mstari uliopaswa kupanda ulikuwa umelala.

"Mlishe, mama. Mwezi ujao usipopanda nitawaandikia mwende hospitali."

Mlishe! Kana kwamba nilikuwa namfungisha saumu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira sijapata, na akili yote niliyoizoesha mitihani nikaielekeza kwenye mdomo wa mtoto mmoja. Nilinunua daftari. Asubuhi: uji, vijiko vinne, kimoja kimetemwa. Mchana: wali, punje. Niliandika hivyo kweli, "punje". Ndizi mbivu alikula, lakini nusu tu, na ikikatika mkononi mwangu basi, hailiwi tena. Samaki nilimsagia kwenye blenda, maana niliogopa miiba kuliko nilivyoogopa njaa. Mtoto wa Mwanza anayelia akiona samaki! Mume wangu, ambaye anafanya kazi Magu na kuja nyumbani Jumamosi, aliniambia kwenye simu, "Akisikia njaa atakula tu." Nikamuuliza kama yeye ndiye atakayesimama na ile kadi mbele ya muuguzi.

Kwenye kundi la kina mama la WhatsApp mmoja akashauri nifiche unga wa dagaa ndani ya uji. Nikaona ni akili kubwa. Uji ndio kitu pekee alichokipokea bila vita, kwa hiyo nikatia vijiko viwili vilivyojaa. Alinusa, akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, akafunga mdomo. Kesho yake nikapika uji mtupu wa maziwa na sukari. Akanusa, akafunga mdomo. Sasa hata uji nilikuwa nimeupoteza.

Siku ya tatu ya mgomo huo nilimwacha kwa jirani yetu hapa Mabatini, fundi cherehani, nikateremka sokoni mara moja. Fundi ni mama mtu mzima mwenye watoto watatu, na mlango wake unatazamana na wetu. Niliporudi nikawakuta wote chini, wamezunguka sinia la ugali na furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama. Binti yangu alikuwa katikati yao, mkono umezama kwenye mchuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone huyu anavyotumalizia mboga."

"Huyu hali samaki, mama."

"Eti hali. Basi aliyewamaliza hawa ni paka."

Nikamkimbilia nimtie kidole mdomoni. "Mama, miiba!"

"Kaa chini, msomi. Tazama kwanza."

Nikatazama. Binti mkubwa wa fundi, wa miaka kama tisa, alikuwa anapasua samaki kwa vidole, anapapasa nyama mpaka ahakikishe haina mwiba, kisha anaiweka ukingoni mwa sinia, upande wa mwanangu. Hampi. Anaiweka tu, anaendelea kula. Fundi alisema ndivyo walivyolelewa kwao ziwani: mkubwa anamchambulia mdogo, mdogo anaokota mwenyewe. Na mwanangu alikuwa anaokota. Kipande kimoja kilianguka sakafuni, akakiokota hicho pia.

"Mbona kwangu hataki?"

"Kwako nakuonaga hapo mlangoni. Umempakata, umembana, kijiko chako cha njano mkononi, macho umemtolea. Hata mimi ningedhani ni dawa."

"Lakini mama, nimesoma kwamba..."

"Wewe umesoma. Yeye hajasoma."

Wanawe wakacheka, na mwanangu naye akacheka, mdomo umejaa samaki.

Kesho yake nikajaribu nyumbani. Nilinunua furu, nikatandika mkeka, nikachambua mpaka vidole vikaniuma, nikapanga vipande sita ukingoni mwa sinia. Kisha nikakaa kumtazama. Yeye akanitazama. Nikasogeza kimoja kidogo tu. Akainuka, akaenda kuchezea ndala.

Nilimwambia mtoto wa miaka miwili kwamba hana shukrani. Halafu nikaliangalia sinia vizuri. Ugali ulikuwa mzima. Hata mimi sikuwa nimemega. Sikukumbuka lini nilikula mbele yake mara ya mwisho. Nilikuwa nakula baadaye, nimesimama, mabaki yake.

Hata hivyo sikuamua siku hiyo kwenda kula naye kwa fundi. Watoto wale wananawa vizuri? Watu watasema nimeshindwa kulisha mwanangu? Muuguzi akiuliza, nimjibu kuwa analishwa na mtoto wa miaka tisa? Nilizungusha maswali siku mbili, na kwa siku hizo mbili alikula ndizi, nusu nusu.

Siku ya tatu nikasonga ugali wa watu sita, nikapika furu sufuria nzima. Kijiko cha njano nikakiacha kwenye beseni la vyombo, daftari nikalisukuma juu ya kabati. Nikavuka ua, mwanangu akitangulia.

"Msomi! Leo umetuletea?"

"Leo tunakula wote, mama."

Niliwanawisha watoto wote kwa sabuni, mara mbili. Hilo sikuweza kuliacha. Kisha nikakaa ng'ambo ya sinia, mbali naye, nikamega tonge, nikachovya, nikala. Macho niliyaelekeza kwenye cherehani ya fundi, na sikuyatoa hapo mpaka tonge la tano.