Pikipiki yangu ilikosa nguvu baada ya kutengeneza ekzosi, nusura nivunje ndoa ya binti yangu

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea kabla hamjazitoa, maana wengi humu nawazidi umri hata mama zenu. Marahaba.

Mimi ni bibi, niko Sumbawanga. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta nukta na mkato aende uzi mwingine. Haya yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa, na aibu kubwa iliyomo humu ni ya kwangu. Nisingejivua nguo kwa ajili ya uongo.

Nimeona vijana mnaulizana kwa nini pikipiki inakufa nguvu ukishagusa ekzosi. Kila mtu anajibu plagi, kabureta, pistoni. Nikasema ngoja.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Zamani mahindi yetu yalikuwa na njia moja tu ya kwenda, unapeleka na kusubiri. Mara tukaambiwa muuzie unayemtaka. Sumbawanga mjini maduka ya spea yakaota kama uyoga, kila mtu analeta chake.

Mimi nililima mahindi na ulezi kwa mikono hii. Nikauza, nikanunua pikipiki kwa mtu wa mradi aliyekuwa anahama. Ilikuwa tustroku, zile za kuchanganya oili kwenye petroli, ukiiwasha moshi unajaa uwanja mzima. Mwanamke wa kwanza kumiliki pikipiki kijijini kwetu. Jumapili nilikuwa naifuta kabla ya kujifuta mimi.

Kuendesha sikujua. Aliyeendesha ni mkwe wangu Masanja, mume wa binti yangu Yustina.

Masanja ni Msukuma. Kwao walikuja na ng'ombe wao mpaka bonde la Rukwa, wakaweka makazi upande wa Milepa. Mwanzoni sikumpenda, nasema wazi. Sisi huku juu ni watu wa jembe, mtu akija na fimbo anaulizia malisho tunaficha mahindi. Lakini alitoa ng'ombe za mahari bila kubishana, akahamia huku juu na mke wake, na pikipiki aliijua kama mfuko wa suruali yake.

Kazi yake ilikuwa kushusha chumvi na sabuni bondeni, kupandisha mchele. Wanaoijua njia ile ya mlimani wanajua. Mawe, kona, na upande mmoja hakuna kitu, ukichungulia unaona miti kwa juu kama majani ya mchicha.

Jambo moja mlielewe hapa, vijana wa mjini. Mkwe wa kiume hamzoei mama mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye kula, na kumbishia ndiyo kabisa. Masanja akiwa na neno alimwambia Yustina, Yustina ananiletea. Tukikutana njiani anashuka kwenye pikipiki na kusimama kwenye majani mpaka nipite. Mimi nilikuwa naona raha.

Sasa siku moja kule mlimani ekzosi ikagonga mwamba. Ikabonyea katikati na kupasuka.

Tukaenda kwa fundi Kalisti pale mjini. Ekzosi ya aina ile haikuwepo duka lolote, akafunga ya pikipiki nyingine, ya fostroku, zile zisizochanganywa oili. Kelele kama mashine ya kusaga, nguvu hakuna. Kalisti mwenyewe akasema, "Mama, hii tustroku ekzosi yake ni nusu ya injini. Ile ya zamani inyooshwe na kuchomelewa, ila gesi imeisha, nasubiri itoke Mbeya."

Kusubiri? Mimi?

Baba yangu alikuwa mhunzi. Babu yangu alikuwa mhunzi, aliyeyusha chuma kwenye tanuru refu kuliko nyumba. Kaka yangu Oswadi naye ni mhunzi, mpaka leo hii ninapoandika jembe lake halijapinda. Nikamwambia Kalisti, "Watu wa kwetu walikuwa wanatengeneza chuma kabla mzungu hajajua njia ya kuja huku. Nipe hiyo ekzosi."

Nikaipeleka kwa kaka. Baada ya siku mbili nikaifuata. Wakuu, ilinyooka, imepigwa kiraka na ribiti tano zimepangana kama vifungo vya koti. Nikarudi nayo mjini nimeibeba mkononi watu waione. Kalisti akaigeuzageuza na kutaka kuchungulia. Nikamwambia, "Wewe funga. Hiyo haichunguliwi."

Akafunga.

Pikipiki ikawaka vizuri. Ikisimama inaunguruma taratibu, unasema imepona. Ukivuta resi inalia kama mtu aliyebanwa pua halafu inazima. Tambarare inatambaa. Mlima haiwezi kabisa.

Masanja akaanza kurudi jioni anaisukuma. Mchele mgongoni mwa pikipiki, yeye jasho mpaka kwenye viatu.

Yustina akaja kwangu. "Mama, baba Kulwa anasema labda iangaliwe ekzosi."

Nikamkata hapo hapo. "Mwambie mumeo kazi ya mjomba wako haiguswi. Anajua ng'ombe, chuma atuachie wenyewe."

Hakuleta tena neno hilo.

Tukabadilisha plagi. Hakuna.

Tukafungua kabureta, ikaoshwa kwa petroli, sindano ikasogezwa. Hakuna.

Tukanunua pleti za klachi. Nikauza ulezi niliouweka wa mbegu, tukanunua ringi na pistoni. Siku ile ya pistoni nilikaa palepale kwa Kalisti nimekodoa macho asinichanganyie. Ikawashwa. Ileile, inalia puani na kuzima.

Watu wakaanza. Najua huko nje mnatusema sisi wa Sumbawanga kwa mambo yetu yale, na kweli jirani mmoja aliniambia pikipiki imetupiwa kitu. Hilo sikulishika. Nililoshika ni la jirani wa pili, mama mmoja mdomo wake haujawahi kupumzika. Akasema, "Injini ile imebadilishwa vifaa vya ndani huko Milepa. Mkwe wako kauza vizima kakuwekea vichovu. Wewe si unaangalia huku juu, huko chini nani anaangalia?"

Likaniingia. Likakaa.

Jumapili baada ya misa nikamsimamisha Masanja uwanjani pa kanisa, watu wote wanatoka. Nikamwambia mwizi. Nikamwambia ana adabu ya machoni tu. Kichwa chake chini, anatazama vidole vya miguu yake, hakujibu hata neno. Na mimi kule kunyamaza nikakuhesabu kuwa ni kukiri.

Nikamgeukia Yustina. "Chukua watoto, twende nyumbani. Ng'ombe zake atarudishiwa zote, na ndama nitaongeza."

Yustina alilia njia nzima. Mimi nilitembea mbele nimetoa kifua.

Siku ya tatu Masanja akaja kurudisha pikipiki. Mchana, jua kali. Akaisukuma mpaka nje ya uzio wangu na kuiegesha karibu na jalala la majivu. Fundi Kalisti alikuwa amemfuata, nafikiri aliogopa tutapigana. Mimi nilikuwa kibarazani napepeta ulezi, nikampa mgongo.

Masanja hakuondoka. Akaiwasha pikipiki, ikaunguruma. Halafu nikasikia anaongea. Anaongea na pikipiki.

"Wewe pikipiki," akasema, "mimi na wewe tunaagana. Ila nikuulize. Zamani nikikuegesha kwenye majivu ulikuwa unayapeperusha mpaka kuku wanakimbia. Leo hata unyoya hautikisiki. Pumzi yako inaishia wapi?"

Kalisti akacheka kidogo. Mimi sikucheka, lakini ungo ukasimama mkononi.

"Ningekuwa na ruhusa," Masanja akaendelea, "ningekufungua hiyo ekzosi siku ya kwanza. Lakini sina ruhusa."

Akaizima.

Nilisimama pale nimepandisha hasira mpaka kisogoni. Nikasema nitamwumbua mbele ya fundi, amalizike kabisa. Nikamwambia Kalisti, "Ifungue. Ifungue sasa hivi, kisha huyu aondoke na uongo wake."

Kalisti akafungua boliti, akanipa. Ilikuwa nzito. Sikujiuliza kwa nini nzito. Nikachukua jagi la maji, nikasimamisha ekzosi, nikamimina mdomo wa juu kama ninavyojaza mtungi. Maji yakajaa mpaka juu, yakafurika, yakanilowanisha gauni.

Chini likatoka tone. Kisha tone jingine.

Nilikaa chini, wakuu.

Kalisti akaingiza nondo nyembamba huku nyuma panapokuwa pembamba, akagonga, akagonga. Kikatoka kipande cha udongo. Chekundu, kimeiva, kigumu kama chungu, kina umbo la bomba kabisa. Ubavuni kimejichora kijinjia kidogo cha moshi, kisu hakipiti.

Huo ulikuwa udongo wa kichuguu. Naujua rangi yake tangu nikiwa mtoto, baba alikuwa anaukanda kwa ajili ya tanuru. Nikainua macho kumtafuta Masanja. Alikuwa ameshaondoka.

Nikakimbia kwa kaka na kile kipande kwenye kanga. Oswadi akakitazama na kushangaa. "Ndiyo, niliujaza udongo ndani. Bati jembamba vile ukiligonga tupu linakunjamana. Nikachoma, nikanyoosha, nikaukung'uta utoke. Kumbe mwingine ulibaki?"

Nikamwambia mambo yote. Plagi, kabureta, pistoni, kanisani, Yustina.

Akaniuliza, "Muda wote huo, mbona hamkuja kuniuliza?"

Hakuna aliyekwenda kumwuliza kwa sababu mimi nilikataza.

Kesho yake nikashuka bondeni, maana Masanja alikuwa amerudi kwa wazazi wake. Nilishuka kwa miguu na Yustina, kwa njia ileile ya mlimani. Nikakuta jiwe bapa limewekwa katikati ya njia, lina weusi wa tairi. Kona nyingine, jiwe jingine. Nikauliza haya mawe ni ya nini.

Yustina akasema, "Ni ya baba Kulwa. Anakinga gurudumu lisirudi nyuma, anapumzika, kisha anasukuma tena."

Nilianza kuyahesabu nikaacha. Mtu amesukuma mchele wangu juu ya mlima ule wiki nzima nzima, ugonjwa anaujua, na mdomo ameufunga kwa ajili ya heshima yangu. Na mimi heshima hiyohiyo nikamtukania mbele ya kanisa.

Kwa wazazi wake nilipiga magoti uani. Mama yake alitaka kuniinua, nikakataa. Masanja alikuwa nyuma ya ukuta wa nyumba, kivuli chake nakiona. Nikasema kwa sauti, "Mimi ndiye niliyeziba ekzosi. Siyo kaka yangu, mimi. Mwanao hakuiba kitu. Nilimwumbua mbele ya watu, na mbele ya watu walewale nitasema."

Yustina akazunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa anafuta macho.

"Anasema mama ainuke, ardhi ina joto," akasema. "Anauliza ekzosi imeshafungwa?"

Imeshafungwa, nikamwambia, Kalisti kaifunga jana na majivu yanapeperuka mpaka kuku wanakimbia.

Jumapili iliyofuata nilisimama uwanjani pa kanisa nikayasema yote, na kile kipande cha udongo nimekishika juu. Wengine walicheka. Wacheke. Yule mama mwenye mdomo nilimwita kwa jina asogee mbele asikie vizuri.

Sasa funzo, maana humu mnapenda funzo.

Pikipiki ikikosa nguvu, jiulize kitu gani kiliguswa mwisho, uanze na hicho hichohicho, hata kama aliyekigusa ni ndugu yako. Weka mkono nyuma ya ekzosi, sikiliza pumzi. Tustroku ikizibwa nyuma haina mlima. Usinunue pistoni kabla hujamimina jagi la maji.

La pili siyo la pikipiki. Anayeendesha ndiye anayejua chombo kinaumwa wapi. Kama desturi imemfunga mdomo, wewe mkubwa ndiye wa kumfungulia, yeye hawezi. Mimi siku hizi namtuma Yustina akamwulize Masanja kabla sijaamua kitu, hata bati la kuezekea.

Haya, mafundi na wenye wakwe, uwanja wenu. Anayetaka kunisema aniseme, nimeshasemwa na wakali kuliko ninyi. Ila kama una tustroku inalia puani, fungua ekzosi kwanza halafu uje unibishie.