Ukaguzi wa Nywele Chumba cha Saba

Kabla hajakubali kijiko, Mwalimu alitaka kwanza kuona kucha zangu.

Nasema Mwalimu kwa sababu ndivyo nilivyomwita tangu nilipojua kazi aliyoifanya. Kwenye makaratasi ya kituo chetu cha wazee hapa Maplewood, huku ughaibuni, alikuwa mgonjwa wa chumba cha saba, Mthailandi, miaka themanini na sita, kumbukumbu zimepotea, hali chakula. Mimi nilikuwa mhudumu wake wa asubuhi. Kila nilipomsogelea na uji alinitazama juu mpaka chini, akakunja uso, akageukia ukutani. Mimi, mama wa watoto watatu, niliyelisha vichwa vigumu vya kila aina! Nilinuna. Nikasema moyoni, huyu bibi ana dharau.

Aliyenifumbua macho ni binti yake, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye alikuja kila asubuhi kabla ya kazi na uji wa mchele wenye tangawizi kwenye chupa ya chai. Siku moja alimwona mama yake akinishika vidole na kuvigeuzageuza, akacheka kwa aibu. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama alikuwa mwalimu wa nidhamu huko kwao, miaka zaidi ya thelathini. Kila asubuhi, wakishapandisha bendera, wanafunzi walipanga mstari. Wavulana, nywele kama za askari. Wasichana, mwisho ni ncha ya sikio. Aliyezidisha alikatwa palepale mbele ya shule nzima, tena upande mmoja tu, makusudi, ili apite mitaani hivyo hivyo mpaka nyumbani.

"Hata mimi alinikata," alisema. "Mara mbili."

Nikaliweka bakuli chini. Thailand! Nchi ambayo nisingeweza hata kuionyesha kwenye ramani. Na mstari ule naujua! Kwetu Tanzania tuliuita paredi: mwalimu wa zamu anapita, kucha, meno, soksi, nywele. Siku naingia kidato cha kwanza nilikuwa na nywele za kufika mabegani, na matroni alizinyoa zote mama yangu akiwa amesimama kando, ameshika begi langu. "Usilie, zitaota," mama alisema, na kwa maneno hayo sikumsamehe mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Siku ile ya kumaliza niliapa mkasi hautakigusa tena kichwa changu. Na kweli haukukigusa, miaka ikapita.

Basi kesho yake nikafanya jambo ambalo labda mtu aliyesoma kwetu tu angelifikiria. Nilimvuta nesi wetu, Mkenya mmoja mcheshi, nikamsimamisha kando yangu mbele ya kiti cha Mwalimu. Mikono mbele, viganja chini. Nikamkabidhi Mwalimu rula niliyoiazima mapokezi. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya darasa zima: "Shikamoo, Mwalimu!"

Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Mgongo uliojikunja miezi mingi ulinyooka. Akasimama, peke yake, mtu tuliyekuwa tunamwinua wawili, na chumba kizima kikawa chake. Hata mimi na umri wangu nilijikuta nabana visigino. Kucha, sawa. Viatu, sawa. Akafika kwa nesi, akaweka rula chini ya sikio. Sasa, nesi siku hiyo alikuwa amevaa wigi fupi, limekatwa vizuri usawa wa sikio. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaketi, akapokea uji kwake. Vijiko vinne.

"Hii wigi imenipitisha mtihani!" nesi alininong'oneza. "Na niliivaa tu juu ya kukosa time ya salon."

Mimi nilifeli. Rasta zangu zilifika kiunoni, zilisukwa Jumamosi nzima, na nilikuwa nimezifunga juu na kuzificha ndani ya kofia ya kazi. Mwalimu aliivua kofia, akachomoa kibanio kimoja tu, zote zikaporomoka. Baada ya miaka thelathini na wanafunzi, ujanja gani angekuwa haujui? Akanigonga rula begani, akaketi, akafunga mdomo.

Wiki mbili mambo yakaenda hivyo. Siku nesi anapata nafasi, vijiko vinne, vitano. Siku niko peke yangu, hakuna. Na nesi alikuwa na wagonjwa wengine wanaomsubiri. Jumatatu mizani ikashuka tena, na daktari akamwambia binti ajiandae. Nilimkuta kwenye sinki akimwaga uji ambao haukuguswa, mabega yakimtetemeka, na hakutaka nione.

Nasema ukweli, nilikasirika. Nilimkasirikia Mwalimu, nikamkasirikia matroni, nikazikasirikia rula zote za dunia hii. Yaani mkasi unifuate mpaka huku kwenye theluji? Niliendesha gari mpaka nyumbani Apple Valley nikiongea peke yangu. Binti yangu mkubwa alipoisikia habari aliniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba kichwa ni changu na nisikubali mtu yeyote anipangie. Ana haki, ndivyo nilivyomlea. Ila yeye hakumwona yule binti wa Mwalimu kwenye sinki.

Asubuhi nikajifungia kwenye choo cha wafanyakazi na mkasi wa kukatia bandeji. Nilianza kushoto, ncha ya sikio, nywele za kuongeza na za kwangu mwenyewe kwa pamoja. Nilipofungua mlango nesi alipiga kelele, "Ghai! Dada, umefanya nini?" Nikamwambia aache maswali, ashike upande wa pili aunyooshe.

Nikasimama mbele ya Mwalimu. Binti yake alikuwa ameketi kitandani na bakuli mapajani. Viganja chini. "Shikamoo, Mwalimu." Alikagua kucha, akaweka rula chini ya sikio langu, ikakaa sawasawa. Nikangoja atikise kichwa.

Rula ikaanguka sakafuni. Mikono yake miwili ilinishika mashavu, ikazipapasa zile ncha zilizokatwa, moja moja, kushoto na kulia. Ukali wote ukamtoka usoni na akaanza kulia. Alisema maneno machache kwa sauti ndogo, akayarudia, akayarudia tena. Nilimgeukia binti yake. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Anauliza nani amekufanyia hivi," alisema alipoweza. "Anasema ulikuwa na nywele nzuri sana. Anasema, pole mwanangu."

Mwalimu akalichukua bakuli mapajani mwa binti yake. Akachota kijiko, akakipuliza, akakileta mdomoni kwangu. Kanuni za kazi zinakataza kabisa kula chakula cha mgonjwa, na mimi ni mtu wa kufuata kanuni. Nikala. Cha pili akampelekea binti yake, akimfuta kidevu kwa kidole kama mtoto mdogo. Cha tatu akala mwenyewe. Tukaendelea hivyo, zamu kwa zamu, watatu sote tunalia, mpaka uji ukaisha.