Hewa ya Chumba cha Mzazi

Ninaandika haya hasira zikiwa hazijapoa, na sijaomba zipoe. Sehemu ndogo ya hasira hizo ni kwa mama yangu. Sehemu kubwa ni kwangu mimi, mwalimu wa fizikia, niliyekaa katika chumba kilichojaa moshi, machozi yakinitoka, nikaamini simu.

Kwetu ni Endagikot, jirani na mji wa Mbulu, ila mimi nafundisha Balangdalalu, huko Hanang, kwa hiyo nyumbani hufika likizo kwa likizo. Mwezi wa sita mwaka jana wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa migodini Mirerani. Alifurahi kwenye simu, akabaki hukohuko. Wifi akabaki mikononi mwa mama mkwe, yaani mama yangu.

Kwetu mzazi hatoki nje. Hukaa ndani wiki nyingi, hulishwa uji wa ulezi wenye samli, na moto huwaka chumbani mwake mchana na usiku, maana baridi ya Juni huko Mbulu si mchezo. Siudharau utaratibu huo. Kumwekea mwanamke moto na kumkataza kazi ni heshima ambayo wanawake wengi hawaipati. Tatizo ni nyumba. Ile ya zamani, ya miti na udongo, ilikuwa na matundu kila mahali chini ya paa, na moshi ulijitafutia njia. Miaka minne iliyopita mimi na mdogo wangu tulimjengea mama nyumba ya matofali na bati, tukamwagiza fundi azibe kwa saruji kila upenyo kati ya ukuta na bati, upepo usiingie. Mimi ndiye niliyesimama chini nikimwonyesha kwa kidole: na pale, umeruka pale. Dirisha la chumba cha nyuma tuliliwekea kioo kisichofunguka, kwa sababu kilikuwa rahisi. Kisha mama akayachukua mafiga yake matatu, akayaingiza kwenye chumba hicho, akawasha. Jiko la gesi tulilompa lilikaa sebuleni limefunikwa kitambaa cha kufuma, halijawahi kuonja kiberiti.

Nilipofika mtoto alikuwa na siku kumi na moja. Nilimkuta wifi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, mtoto anakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu aliyepaliwa. Wifi ni mtoto wa Gitting, mpole, hasemi ovyo mbele ya mama mkwe. Lakini mama alipotoka kwenda kukamua, alinishika mkono.

"Wifi, moshi unamkaba mtoto. Naomba uniombee kwa mama nilale naye sebuleni. Kule madirisha yanafunguka."

Nilimfuata mama zizini. Nilimpokea ndoo ya maziwa, nikalizungusha neno kama inavyotakiwa kwa mtu mzima, na yeye akanisikiliza hadi mwisho.

"Sebuleni ni kwa wageni," alisema. "Mzazi analala kwenye moto. Ninyi watano nimewalea kwenye moshi, na wewe ukaenda hadi chuo."

Alituhesabu tuliobaki. Wale wawili waliozikwa kabla ya kutembea hakuwataja. Na mimi, mtu wa chuo, sikuwataja.

Badala ya kusimama nikabishana naye, nilifanya ujanja wa watu waliosoma: nilitafuta mashine iseme kwa niaba yangu. Kwenye begi nilikuwa na kifaa cha kupimia hewa ya ndani, kisanduku cheupe kinachoenea kiganjani, ambacho mwalimu mwenzangu aliniazima tulipotaka kujua vumbi la madarasa yetu. Kinavuta hewa kwa tundu dogo, kinahesabu chembe za moshi na vumbi ambazo jicho halizioni, halafu kinatuma namba kwenye simu. Kijani ni salama, njano ujihadhari, nyekundu utoke humo. Chenyewe hakina kioo cha kusomea. Kila kitu unakiona kwenye simu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilikitundika kwenye msumari juu ya kitanda, nikakichomeka kwenye waya wa sola, nikamweleza mama kwa sauti ya darasani. Kiache hapo wiki nzima. Usikizime, usikihamishe. Na tafadhali kisiharibike, mama, ni cha watu, hakipatikani hapa. Nikamwagiza pia atumie kuni kavu. Kisha tukapatana mbele ya wifi: kikisema hewa ni mbaya, mtoto anahamia sebuleni; kikisema ni nzuri, mtoto anabaki. Mama alikubali upesi mno, na hilo pekee lilipaswa kunishtua. Saa hiyo moto ulikuwa makaa tu na simu ilionyesha njano. Nikapanda pikipiki kwenda kuwahi basi la Babati, ambako nilikuwa nimepangiwa kusahihisha mitihani wiki mbili.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Mama alinikaribisha sebuleni, akaniletea chai ya maziwa, na kabla sijaimaliza simu ilikuwa imeshavuta namba za wiki nzima. Kijani. Siku saba za kijani. Mbili, moja, mbili, mbili. Mstari ulikuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula, haupandi asubuhi wala jioni, haupandi hata saa za kupika makande. Mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha kwanza, ukimwambia chumba chenye mafiga na kuni zilizolowa ukungu kimetoka kisafi kuliko kilele cha mlima Hanang, atanyoosha mkono na kusema, mwalimu, kuna kitu hakiko sawa. Mimi nilisema, afadhali, mama amenisikia, anatumia kuni kavu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilijipongeza kwa ushauri wangu.

Nikaingia chumba cha nyuma kumwona mtoto. Kifaa kilikuwa palepale kwenye msumari. Macho yalianza kuniwasha kabla sijafika kitandani, nikayafuta kwa upande wa khanga, nikaketi. Wifi alinitazama. Mtoto alikuwa anapumua kwa haraka, tumbo linapanda na kushuka. Hata simu sikuifungua upya. Nilimwonyesha wifi ile picha ya kijani niliyokwisha kuiona.

"Hewa ni nzuri," nilimwambia. "Ni mafua ya baridi. Mfunike vizuri."

"Wifi, anakohoa usiku kucha."

"Namba hazidanganyi, wifi."

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji. "Umesikia mwenyewe," alimwambia mkwewe, bila ukali wowote. "Kifaa cha mwalimu kimesema."

"Sawa, mama," alisema wifi, akapokea uji.

Ninapokumbuka ile "sawa, mama" nataka kujipiga kofi. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi niliambiwa, nikaonyeshwa, nikakohozewa usoni, nikaondoka zangu Jumapili asubuhi kwenda kuwapa watoto wa watu maksi.

Jumatano mama alipiga simu. Mtoto hanyonyi. Kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Wamempeleka hospitali mjini. Niliacha karatasi mezani, nikapanda gari la kwanza.

Nilimkuta mtoto na mrija wa oksijeni puani, wifi amesimama pembeni kwa sababu aliogopa kukaa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mchovu, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza mimi kwa kuwa nilionekana ndiye msemaji.

"Nyumbani mnapikia wapi? Mtoto analala karibu na moto?"

Nilimjibu kwamba hewa ya nyumbani ni salama, nimeipima mwenyewe kwa kifaa. Nikatoa simu. Aliutazama mstari wa kijani, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye faili, akahamia maswali mengine. Wifi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, ameshika ukingo wa kitanda cha mtoto.

Mchana nilitumwa nyumbani kuchukua nguo za mtoto. Mama alikuwa ametangulia kurudi kwa ajili ya ng'ombe, yuko nyuma ya nyumba, hakunisikia nikiingia. Kwenye chumba cha nyuma moto ulikuwa unawaka na hakuna mtu. Mama hakutaka mzazi arudi akute chumba baridi. Kifaa kilikuwa kwenye msumari, ndani ya mfuko wa nailoni, ile mifuko ya zamani iliyopigwa marufuku ambayo mama bado anaitunza chini ya godoro. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa uzi kuuzunguka waya wa sola, mafundo mawili, kazi safi kabisa. Kwa nje mfuko ulikuwa mweusi kwa masizi. Niliufungua. Ndani kifaa kilikuwa cheupe vilevile nilivyokileta. Haikupita dakika simu ikawa nyekundu, na namba zikapanda mpaka nikaacha kuzitazama.

Mama aliingia akiwa ameshika ndoo.

"Shikamoo" haikutoka mdomoni mwangu. Ni mara ya kwanza maishani. Niliushika ule mfuko mbele ya uso wake.

"Mama, hiki ni nini?"

"Si ulisema kisiharibike?" alijibu, na alikuwa ameshangaa kweli. "Ulisema ni cha watu. Nimekitunza. Ukija nakifungua, ukiondoka nakifunika. Moshi wa humu, mwanangu, hauachi kitu. Redio ya marehemu baba yako iliishi miaka miwili tu."

"Mashine umeivalisha. Na mtoto?"

"Mtoto si redio," alisema. "Mtoto anataka joto."

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, na majirani waliyasikia. Nilitaka aseme alinidanganya makusudi ili nipate pa kuziweka hasira zangu, lakini mama yangu hajui kudanganya kwa njia ndefu namna hiyo. Alifanya nilivyomwagiza. Hakukizima. Hakukihamisha. Hakikuharibika. Nilikuwa nimemwambia yote ya kukataza, na sikuona haja ya kumwambia jambo moja, kwamba kile kisanduku kinavuta hewa ileile anayoivuta mtoto. Nilimwona hawezi kuelewa. Mwanamke aliyejua vizuri kuliko mimi moshi ule unafanya nini kwa kitu chochote kinachoachwa mle ndani, nilimwona hawezi kuelewa. Na hata hivyo nina hasira naye, maana alijua.

Nilirudi hospitali na nguo. Nilimtafuta daktari kwanza, nikamweleza habari ya mfuko tangu mwanzo, nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alifungua faili, akachora mstari juu ya alichokuwa ameandika.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuuliza mnapikia wapi. Hilo lilikuwa halihitaji mashine."

Nikaenda wodini. Jioni ilikuwa imeingia na pumzi za mtoto zilikuwa zimepungua kasi kidogo. Nilimwambia wifi yote, na mfuko, na mafundo. Nilitegemea alie, au anitukane. Alikuwa anakunja zile nguo za mtoto moja moja.

"Nilimwona mama akikifunga," alisema. "Siku ileile uliyoondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia moshi unamkaba mtoto. Hilo nililisema kwanza kabisa, wifi, na halikufika popote. Ningeenda kukuambia habari za mfuko ili iwe nini? Uje umgombeze mama, halafu uondoke, mimi nibaki naye?"

Alisema bila hasira, na hapo ndipo hasira zangu zilipobadilisha mwelekeo moja kwa moja. Nikamwambia nimeshampigia simu mumewe, amekubali. Mama nitamweleza mimi mwenyewe, na akinuna anune. Mtoto akiruhusiwa hawarudi Endagikot. Atamalizia wiki zake za uzazi kwangu, Balangdalalu, na samli nitaitafuta mimi, na kazi hatagusa.

Wifi aliendelea kukunja.

"Kwako unapikia nini?"

"Gesi. Na jiko liko mbali na vyumba vya kulala."

"Chumba kina dirisha?"

"Yapo mawili."

"Yanafunguka?"

"Yanafunguka, wifi. Kweli."

Aliiweka nguo ya mwisho juu ya zenzake, akainama kusikiliza kifua cha mtoto.

"Basi tukifika," alisema, "wewe utambeba mtoto usimame naye nje. Nitaingia niyafungue mwenyewe kwanza."