Mtundu Ndani ya Kabati

Harufu ya thina ikinipiga puani, hata leo, cha kwanza ninachofanya ni kumtilia mtu mashaka. Nalaumu kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, kwetu Nsemulwa, Mpanda, fundi Maganga alipotutengenezea kabati la vyombo kwa mbao za mninga alizoacha marehemu baba. Baba hakuacha kingine cha maana, na mama alizitunza uvunguni mwa kitanda kama nguo za harusi. Alitaka vanishi. Maganga, aliyekuwa rafiki wa baba, akamwambia vanishi ni ya kizee, yeye atapuliza rangi nyeupe na mistari ya mbao itaonekana yote. Akazisugua mbao kwa brashi ya waya kufuata mistari yake, akalegeza rangi kwa thina mpaka ikawa kama maji ya mchele, akaimimina kwenye bomba la dawa ya mbu. Fyu, fyu, fyu. Ilikaa nyembamba kweli, ukipitisha kidole unaisikia mifereji ya mbao.

Kabati lilipofika nyumbani, jirani yetu mama Kulwa, mmoja wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, akalizunguka kama anakagua ndama mnadani. "Mama Rosi, mninga nani anaupaka rangi? Humu mna mtundu!" Mimi ndiye Rosi, nilikuwa darasa la kwanza, nikafungua mlango mbio nimwone huyo mtundu aliyejificha. Mama Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mtundu ni mti, mbao zake za bei chee. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa anapapasa ile mistari huku ugali unaungua. Nikamwambia, si ukwangue tu uone? "Nikikuta siyo, baba yenu nitamwambia nini?"

Mvua za kwanza ziliponyesha, kabati likaanza kutoka madoa mekundu, rangi ya damu iliyokauka. Maganga akaja na bomba lake, jasho linamtoka. "Shemeji, nisamehe, nalipuliza upya." Mama akasimama mbele ya kabati. "Ukiligusa tutagombana! Mninga ndio unatoa damu, mtundu haunaga damu hivi!" Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Mama Kulwa akanyoosha kidole. "Na huu wa kulia?" Mlango wa kulia ulikuwa mweupe pe. Maganga akasema nao utatoka tu, nyie mna haraka gani, subirini mvua.

Siku hizi Mpanda makabati yanashushwa kwenye malori yakiwa tayari, mistari ya mbao ni karatasi iliyobandikwa. Ninalo moja, na sikumuuliza muuzaji ndani kuna nini. Mama bado anatumia lile lake. Vyombo vya wageni anaweka kushoto, kulia masufuria, na kila mwaka mvua zikianza anavuta kigoda, anakaa kuuangalia ule mlango.