Sato Watatu Niliowatia Kwenye Bwawa la Mama

Mimi ndiye niliyetia sato kwenye bwawa la perege la mama yangu. Sato watatu, madume, kila mmoja saizi ya kiganja. Sikusukumwa na mtu. Nilikuwa na akili timamu, na nilikuwa nacheka.

Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma huko katikati.

Jina langu sitaji, wala kijiji. Jua tu ni wilaya ya Mkalama, na mnadani Kinyangiri tunaenda kwa mguu. Niko kidato cha tatu. Shuleni najulikana kwa utani kuliko kwa masomo, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa naona hiyo ni sifa.

Sasa sikiliza ubaya wangu vizuri.

Mama anafuga perege, na siyo perege wa kuokota popote. Mbegu yake ilitoka kwenye lambo la zamani alikokuwa akinyweshea ng'ombe babu. Maji ya kwetu yana chumvi. Kiangazi yakipungua yanakuwa makali mpaka sabuni inagoma kutoa povu. Samaki wa kuletwa wakikaa humo wanageuka tumbo juu. Wale wa mama wananenepa.

Lile lambo tuta lake lilipasuka mwaka ule wa mvua kubwa. Samaki wakaishia kwenye mashamba ya watu, kunguru wakala mpaka wakawa wanatembea kwa miguu. Ile mbegu ikabaki kwa mama tu. Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi anayekuja na pikipiki kutoka wilayani, alimwambia waziwazi kwamba ikipotea hapo hajui pa kwenda kuitafuta.

Mama alilichukulia hilo kama amekabidhiwa mtoto wa mtu.

Akina mama wa vijiji vya jirani wakija kuchukua vifaranga vya samaki, ndoo zao zinaishia nje ya uzio wa minyaa. Haiingii ndoo ya mtu, hauingii wavu wa mtu. Mama anavua kwa wavu wake, anamgeuza samaki tumbo, anatazama dume au jike, anatazama mkia, ndipo anakupa. Watu walikuwa wakimsema. Mama Shukuru, mwenyekiti wa kikundi chao, alisema kuingia kwa mama ni kama kuingia chumba cha upasuaji, kilichobaki ni kuvuliwa viatu. Wiki iliyofuata mama akaanza kuwavua viatu.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Usije ukasema dogo hakujua.

Mwaka jana mwishoni mwalimu wa baiolojia alitufundisha habari za samaki wa kwenye matumbawe, wale wa rangi rangi wa baharini. Akasema kuna visiwa viko mbali mno, peke yao katikati ya bahari. Mara nyingine mkondo wa maji unabeba samaki wachache wa aina fulani mpaka kule, nje kabisa ya eneo lao la siku zote. Wakifika hawaoni wenzao wa kutosha wa kuzaa nao, basi wanazaa na binamu zao waliowakuta. Wanatokea watoto wana mistari ya baba na madoa ya mama. Na wageni wakizidi kuja, wenyeji wanaweza kupotea kabisa, bila hata kufa, kwa kuchanganyika tu.

Sehemu ya mwisho sikuisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimenyoosha mkono. Nikauliza, "Mwalimu, hapo mahari inapelekwa upande gani?"

Darasa lilivunjika. Mimi nikapewa wiki nzima ya kumwagilia miti ya shule.

Na ukimpa mtu kama mimi wiki nzima ya kumwagilia miti, unampa muda wa kufikiri. Nikafikiri hivi: kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Bwawa la mama ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu, yaani ni kisiwa kilichopinduliwa. Kilichokosekana ni mkondo wa kuleta wageni. Nikaamua mkondo niwe mimi.

Nikamweleza Hamisi, mshkaji ninayekaa naye dawati moja. Hamisi akasema siwezi, nina mdomo tu. Hilo neno ndilo lililonipeleka, sikuhitaji lingine.

Likizo ya Desemba nilikwenda kwa mjomba, anayekaa Mkiwa. Mjomba anafuga sato kwenye bwawa la turubai nyuma ya nyumba. Nikamdanganya kwamba shuleni wanataka samaki watatu kwa ajili ya somo. Mjomba akafurahi kwamba hatimaye nimeipenda sayansi. Akanichagulia wazuri mwenyewe, akanipa ndoo ya mfuniko, akatoboa mfuniko kwa msumari ili wapumue. Kwenye basi konda akauliza nimebeba nini, nikamjibu maji. Sikudanganya, maji yalikuwa mengi kuliko samaki. Singida mjini nikayabadilisha maji stendi, tukaendelea na safari watu wanne.

Nilifika mama akiwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nikavua viatu, kama utaratibu unavyotaka. Nikawamwaga.

Hawakufanya lolote la ajabu. Walizama tu. Nikapiga picha ya maji matupu, nikamwonyesha Hamisi.

Kufikia mvua za Aprili vifaranga walikuwa wamejaa. Ukiwaangalia kwa mbali ni perege. Ukimshika mmoja na kumfungua mkia unaona vijistari vyembamba vilivyosimama, kama vya sato, ila vimefifia kama kalamu inayoishiwa wino. Hamisi akawapa jina: sarege. Tukawa tunawaleta wanafunzi wengine uzioni kuwaona. Niliwasimulia kwamba nimefanya kwa miezi minne kitu ambacho bahari inafanya kwa miaka isiyohesabika. Darasa zima lilijua. Mwalimu hakujua, na mama hakujua.

Halafu mama akaona.

Aliniita bwawani siku ya Jumamosi. Alikuwa amemshika samaki mmoja kwa vidole viwili, amemwinua kwenye jua. Akaniambia amefuga samaki hawa tangu sijazaliwa na hajawahi kuona mkia wa hivi. Akaniuliza, "Wewe unayesoma hayo mambo, hii ni nini?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa pale. Nilichotakiwa ni kupita.

Nikasema, "Hiyo ni lishe, mama. Pumba zimezidi, dagaa wamepungua. Kitaalamu inaitwa upungufu wa rangi."

Hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Nilikitunga nikiwa nimesimama.

Mama akaniamini. Na hakuniamini kwa sababu ni mjinga, maana mama yangu siyo mjinga. Aliniamini kwa sababu yeye aliishia darasa la saba na mimi nasoma baiolojia. Akaongeza dagaa kwenye chakula chao. Mwezi ule sisi nyumbani tulikula mlenda mtupu ili samaki wapate dagaa, na mimi nikala mlenda huo kimya, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Akina mama wakaja kuchukua vifaranga. Nyumba kumi na tatu. Wengine waliuliza mbona mikia ina mistari, mama akawajibu kwa kujiamini kwamba ni lishe, kijana wake amelisomea. Wakaondoka na ndoo zao. Mimi ndiye niliyewafungulia geti.

Juni ikaisha, Agosti ikaisha. Maji yakaanza kushuka, chumvi ikapanda. Mwezi wa tisa bwawa la Mama Shukuru likatoa samaki juu. Siyo wote, lakini asubuhi moja alikuta wameelea wamejaa beseni mbili. Wiki hiyohiyo nyumba nyingine, halafu nyingine. Hata kwetu wakaanza kuelea mmoja mmoja, na wote walioelea walikuwa na ile mistari.

Maneno yakaanza. Kwamba mama ametoa mbegu yenye ugonjwa. Kwamba zile ndoo kuachwa nje na kuvuliwa viatu ilikuwa ni kuficha kitu. Kanisani wenzake wa sauti ya pili wakawa wanaacha nafasi kwenye benchi. Kuna mama mmoja tuliyekutana naye kisimani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anaangalia ndoo yake.

Mama akampigia simu bwana samaki.

Bwana samaki akaja, na akina mama wakaja nyuma yake. Walisimama kumi na kitu pembeni ya bwawa, na siku hiyo hakuna aliyevua viatu. Yule baba akavua samaki watano, akawafungua mikia mmoja baada ya mwingine, akawarudisha. Akamwambia mama kwa upole kwamba humu kuna sato ameingia, hawa ni machotara, na machotara hawa ndio chumvi imewashinda.

Mama akasema haiwezekani. Akasema ndoo ya mtu haijawahi kuvuka ule uzio.

"Mama, samaki hawezi kutembea kuja hapa," bwana samaki akasema. "Kuna mtu amemleta."

"Ni lishe," mama akasema. "Mwanangu anasoma baiolojia. Mwulizeni."

Wakageuka wote. Nimezoea kutazamwa na watu arobaini darasani na huwa nafurahi. Pale walikuwa hawafiki hata ishirini, lakini nilitazama viatu vyao.

Nikasema, "Inawezekana ni lishe."

Bwana samaki aliniangalia muda mrefu. Nadhani alijua. Hakunisema. Mama Shukuru akacheka kidogo kwa pua, akasema wao wanakwenda kukausha mabwawa yao, na mbegu wataitafuta kwa watu wakweli. Wakaondoka. Mama akabaki ameshika wavu.

Bwana samaki akamwambia kilichobaki ni kulikausha bwawa lote, kuchagua wale wanaoonekana safi, na kuomba Mungu, maana kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Wengine wana damu ya sato na mkia hausemi.

Tulikausha siku mbili. Ijumaa sikwenda shule. Mama aliingia kwenye tope mpaka magotini, na beseni mbili kando yake. Alimshika kila samaki, mmoja mmoja, akamwinua kwenye jua, akamfungua mkia. Beseni la machotara lilijaa, tukalimwaga kwenye diaba, likajaa tena. Beseni la safi lilikuwa na samaki saba.

Jana mchana macho yakamchoka. Chumvi na jua vilikuwa vimeyafanya mekundu. Akaninyooshea samaki. Jike kubwa, la zamani, nililifahamu, lina kovu mgongoni. Akaniambia kwamba yeye haoni vizuri tena, nimtazamie mimi, mimi ndiye najua.

Nikamfungua mkia. Ulikuwa safi. Nikamtia beseni, wakawa wanane. Akaninyooshea mwingine.

Hapo ndipo nikasema. Sikujipanga. Nilisema kila kitu, kuanzia mahari mpaka stendi ya Singida, nikiwa nimesimama kwenye tope na samaki mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimulia kisa kirefu bila kuweka hata kichekesho kimoja, na kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akamchukua yule samaki kwangu, akamtazama mkia mwenyewe, akamtia kwenye beseni la machotara. Akaendelea na kazi. Hakunipiga. Ningependa angenipiga, tungekuwa tumemaliza.

Kabla sijafika mwisho, naomba nikuambie wewe unayesoma, hasa kama una umri wangu na mdomo wangu. Usichezee kitu ambacho mtu mwingine amekilinda miaka mingi eti kwa sababu wewe umekielewa kwa kipindi kimoja darasani. Ukishachezea, sema siku hiyohiyo, wakati samaki bado ni watatu na unaweza kuwavua kwa wavu. Mimi nilisubiri mpaka wakafika nyumba kumi na tatu. Na mtu akikuuliza jambo kwa sababu anaamini umesoma, kama hujui mwambie hujui. Na kama unajua, ndiyo mbaya zaidi.

Hamisi anasema nisitume barua hii gazetini, watu watajua ni mimi. Nimemwambia darasa zima linajua tangu Aprili.

Leo tumerudi kutoka ibadani. Wale wanane wako kwenye pipa uani, amelifunika kwa chandarua. Alikaa karibu nalo, akaniita. Nyumbani mama anaongea na mimi Kinyiramba. Kiswahili chake ni cha watu wa ofisini, na cha wageni. Leo alinisemesha Kiswahili, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo:

"Kesho ukitoka shule tutaanza kwa Mama Shukuru, halafu nyumba kumi na mbili zilizobaki, hata kama ni wiki nzima. Mimi nitasimama tu. Wewe ndiye utasema. Na usimchekeshe mtu."