Nafasi Kando ya Kaburi la Baba

Nilizaliwa na kasoro moyoni, nikawa mtu mzima bila kuijua. Vali inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini ina vipande viwili. Ya wenzangu ina vitatu. Haifungi sawasawa. Daktari wa Bukoba alinieleza taratibu kwamba damu inatoka, nyingine inarudi ndani, na moyo unatanuka kwa kuibeba. Alitaka niende Dar es Salaam kuwekewa vali nyingine kabla moyo haujachoka.

Kosa langu ni kuwaambia ndugu. Baba mdogo alinifuata Kahororo ninakoishi, akanileta kwa mama, kijijini Izigo, eti nipumzike. Kwetu mgonjwa hupumzishwa mpaka mbavu zimuume. Jembe siruhusiwi, ndoo siruhusiwi, hata ndizi za kumenya wananinyang'anya. Wageni wanakuja, wanatafuna punje za kahawa tunazowakaribishia, wanatazama mshipa unavyoruka shingoni mwangu, wananipa pole kwa sauti ya matangani. Nilikuwa na hasira jamani, hasira ya kuku aliyefungwa mguu.

Na safari je? Wiki zilipita, baba mdogo akisema bado wanaijadili.

"Kifua hakipasuliwi kama papai," aliniambia. "Ukifia huko, nani atakurudisha?"

"Kwani nimekuambia naenda kufa?"

"Nyumbani ni nyumbani, mwanangu."

Siku moja niliwatoroka, nikaingia kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba. Kando ya kaburi la baba nikakuta migomba mitatu imekatwa, na mmoja ulikuwa na mkungu mchanga. Mhaya hakati mgomba wenye mkungu mchanga hivi hivi tu. Nikaelewa. Walikuwa wameshanitengea mahali. Nilikaa chini kwenye majani makavu, nikalia, na moyo wenyewe ukinigonga mbavuni.

Mama alinikuta pale. Akatazama visiki, akanitazama. Ni mtu wa maneno machache, na mbele ya shemeji yake huwa hana hata hayo.

Asubuhi baba mdogo alipofika, tulimkuta mama ameinama palepale na jembe. Kupanda migomba kwetu ni kazi ya wanaume, lakini alikuwa ameshapanda miche miwili, anashindilia udongo kwenye wa tatu.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Hapa pamejaa," mama alisema. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanigeukia. "Nenda kapange nguo zako."